NYUMBA NAYO NI CHOMBO CHA USALAMA



Kila mwezi tunakumbushana mambo ya kazini. Vaa kofia. Funga viatu vizuri. Usipite nyuma ya kamio inayorudi kinyumenyume. Ni maneno mazuri, na kila mmoja anayajua kwa moyo. Lakini tuhesabu kidogo. Siku ina saa 24. Mfanyakazi wa zamu yuko kazini saa 8, na wengine saa 12. Saa zinazobaki yuko njiani au nyumbani. Mama na watoto wadogo wako nyumbani karibu saa zote. Kazini yupo mtu wa usalama anayepita akitazama hewa, ngazi na nguzo. Nyumbani anapita nani?

Leo tunataka kusema juu ya nyumba, na zaidi juu ya nyumba za wenzetu waliofika Lubumbashi siku hizi bila kitu mkononi, wanaopanga chumba kimoja pembeni ya mji. Maoni yetu ni haya: nyumba ni chombo cha usalama sawasawa na kofia. Na fedha ambazo makompani ya madini yanatoa kwa ajili ya majirani zao zingepaswa kuanza na nyumba hizo. Tutoe sababu.

SISI SOTE TULITOKA MAHALI

Mji huu ni mji wa watu waliokuja. Reli kutoka kusini ilifika mwaka 1910, mwaka ule ule mji ulipoanzishwa kwa jina la Élisabethville. Mwaka 1911 tanuru la Lubumbashi lilimwaga shaba yake ya kwanza. Watu wa kazi walitoka Lomami, Kasai, na Rhodesia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia. Baadaye wengine walitoka Rwanda na Urundi. Mtu anayejiita leo mwenyeji wa Kenya, wa Katuba au wa Ruashi, akimwuliza babu yake habari za ukoo, mara nyingi atasikia jina la kijiji kilicho mbali sana.

Na watu bado wanakuja. Wengine wanatoka Kasai kutafuta kazi. Wengine wamekimbia vita vya Kivu na fujo za Tanganyika. Wanatafuta chumba pale penye bei ndogo, upande wa komini ya Annexe, au nyuma kabisa ya parsele ya mtu, karibu na choo.

Mtu atasema: hao si wafanyakazi wetu, habari zao zinatuhusu nini? Tazama vizuri, ndugu. Mmoja wao anafanya kazi kwa kompani ndogo iliyopewa mkataba wa kufagia na kubeba ndani ya mgodi. Mwingine anakuuzia mikate mlangoni asubuhi. Mtoto wake anakaa benchi moja na mtoto wako. Kipindupindu kilipopiga mji wetu mwaka 2008 na tena mwaka 2013, hakikuuliza nani ana karatasi ya kazi na nani hana. Kifua kikuu nacho hakiulizi. Ukuta wa kambi hauzuii kikohozi.

KAMBI ZA ZAMANI ZINATUFUNDISHA

Wazee wetu waliona jambo hili kwa macho yao. Miaka ya kwanza ya shaba, watu wa kazi waliletwa kutoka mbali, wakawekwa katika vibanda vya haraka, wengi pamoja, na maji mabaya. Walikufa kwa magonjwa ya kifua, kuhara damu na homa ya matumbo. Mwaka 1918 homa kubwa ya mafua ikaja juu ya hayo yote.

Ng'ambo ya mpaka, huko Luanshya, kuna habari ambayo kila mchimba madini angepaswa kuijua. Mgodi wa Roan Antelope ulipokuwa unaanza, mwishoni mwa miaka ya 1920, watu wa kazi walikufa wengi, na wengi wakakimbia. Walisema ndani ya mto Luanshya amekaa nyoka mkubwa, nsanguni, anayekula watu. Mwaka 1929 kompani ilimwita Malcolm Watson, daktari aliyekuwa amepigana na malaria miaka mingi huko Malaya. Hawakuanza kwa kujaza dawa hospitalini. Walikausha vinamasi, walisafisha kingo za mto, walikata vichaka, walimwaga mafuta juu ya maji yaliyosimama. Vifo vikapungua, watu wakakubali kukaa. Nyoka yule alikuwa mbu, na maji machafu yalikuwa yanamsaidia.

Kwetu huku, karibu na mwaka 1928, Union Minière ilibadili namna yake. Badala ya kuchukua mwanaume peke yake kwa miezi michache na kumrudisha, ilianza kutaka akae miaka, pamoja na mke na watoto. Ikajenga nyumba za matofali, hospitali, mahali pa kuzalia, visima na vyoo. Daktari Léopold Mottoulle alikuwa mmoja wa wakubwa walioongoza kazi ile. Vifo vilishuka sana. Tusidanganyane: kompani haikufanya hivyo kwa mapenzi matupu. Kumtafuta mtu mwingine Kasai au Rwanda kila mara mmoja anapokufa kulikuwa na gharama kubwa. Hata hivyo funzo linabaki: ukuta mzuri, maji safi na choo viliokoa watu.

MAKOSA YA KAMBI HIZO

Lakini tusiimbe sifa za kambi bila kutaja kasoro zake. Zilikuwa tatu.

Kasoro ya kwanza: afya ilitumiwa kutenga watu. Kati ya mji wa Wazungu na site ya Waafrika, ile ambayo leo ni Kamalondo, waliacha uwanja mtupu wa metro mamia, wakisema ni kuzuia mbu wasiruke kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Upande mmoja ulilindwa. Upande wa pili uliachwa na mbu wake.

Kasoro ya pili: nyumba ilifungwa pamoja na kazi. Mtu alikuwa na paa kwa sababu alikuwa na namba ya kompani. Kazi ikiisha, paa linaisha. Tuliona uzito wa jambo hili tena mwaka 2003 na 2004, wakati wafanyakazi 10 655 wa Gécamines waliondoka kazini katika mpango uliosaidiwa na Benki ya Dunia. Jamaa nyingi zilizozoea hospitali, shule na mposho za kompani zilibaki zikijitafutia zenyewe.

Kasoro ya tatu: anayelala ndani hakuulizwa. Mlango utazame wapi, mama atapikia wapi, shemeji akija atalala wapi, yote yalipangwa katika ofisi. Mbele kidogo, katika miaka ya 1950, kwa mfano huko Katuba, watu wengi walipewa nafasi ya kujenga wenyewe kwa mkopo wa vifaa. Nyumba zile zilikuwa zao, na walizitunza kama mali yao.

WENGINE WANAFANYA NAMNA GANI

Siku hizi kuna arkitekti, yaani mafundi wachora nyumba, wanaosema kazi yao ya kwanza ni kusaidia watu maskini, waliohama na waliokimbia. Hawaanzi na picha nzuri. Wanaanza kwa kuuliza: watu hapa wanaugua nini, wana vifaa gani, na mikono yao inajua kazi gani?

Francis Kéré wa Burkina Faso alizaliwa kijiji cha Gando. Mwaka 2001 shule aliyoichora ilimalizika kijijini humo. Aliijenga kwa matofali ya udongo wa pale pale, yaliyochanganywa na simenti kidogo. Bati aliliinua juu, mbali na dari, ili hewa ya moto ipite katikati na watoto wasiungue. Wanakijiji wenyewe walibeba mawe na kushindilia sakafu. Mwaka 2022 alipata tuzo ya Pritzker, kubwa kuliko zote katika kazi hiyo, na alikuwa Mwafrika wa kwanza kuipata.

Huko Butaro, kaskazini ya Rwanda, hospitali iliyofunguliwa mwaka 2011 ilichorwa ili hewa iingie na kutoka bila kukoma, kifua kikuu kisipite kutoka mgonjwa mmoja kwenda mwingine. Kuta zake ni za mawe ya volkano, yaliyochongwa na waashi wa pale pale. Fedha za ujenzi hazikuondoka zote na makamio ya wageni; nyingi ziliingia katika mifuko ya majirani.

Na karibu na Mtwara, kusini ya Tanzania, zilijengwa nyumba 110 za orofa mbili kwa jamaa za vijijini. Watu wanalala juu, kwa sababu mbu wengi wanaruka chini. Kuta zina wavu, moshi wa jikoni unatoka nje, maji ya mvua yanaingia tangini, choo kimefunikwa.

Je, tuchukue nyumba ya Mtwara tuilete Lubumbashi kama ilivyo? Hapana. Mtwara ni pwani, joto usiku na mchana. Sisi tuko kwenye metro 1 200 hivi juu ya bahari, na mtu aliyelala hapa mwezi wa sita au wa saba anajua baridi yake. Nyumba ya kuta za wavu itatuua kwa kifua. Tuchukue namna yao ya kufikiri: tuangalie ugonjwa wa mahali, kisha tujenge kuuzuia.

HATARI TANO ZA CHUMBA KIMOJA

Makala. Hii ndiyo inayotisha kuliko zote. Usiku wa baridi, jamaa inaingiza mbabula ndani, inafunga mlango na dirisha, inaziba kila tundu kwa kitambaa. Makala yanayowaka yanatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Inaingia katika damu na kuchukua nafasi ya hewa safi. Mtu anaumwa kichwa, anasinzia, haamki. Kila mchimbaji anajua kwamba baada ya kupasua mwamba hakuna kurudi mpaka hewa mbaya itoke. Basi kwa nini tunalaza watoto wetu katika hewa ya namna ile? Mbabula hailali ndani ya nyumba, hata ikionekana imezimika. Na chumba kiwe na tundu la hewa juu ya ukuta, lenye wavu, lisilozibwa hata usiku wa baridi. Dawa ya baridi ni ukuta mnene, dari chini ya manjanja, na blanketi.

Mbu. Anaingia zaidi kwa ule upenyo kati ya ukuta na paa. Huko Gambia, watafiti walitangaza mwaka 2009 kwamba walipoziba upenyo na kuweka wavu madirishani na milangoni, mbu ndani walipungua zaidi ya nusu, na watoto wenye upungufu wa damu wakapungua. Wavu wa dirisha hauondoi chandarua. Viwili hivi vinafanya kazi pamoja.

Vumbi. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Ubelgiji walionyesha kwamba watu wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya Katanga wana metali nyingi mwilini, kobalti zaidi. Mwaka 2018 walionyesha jambo hilo tena huko Kasulo, mtaa wa Kolwezi, na watoto walikuwa na kobalti kuliko wakubwa. Mtoto anatambaa chini na kutia mkono kinywani. Sakafu ya udongo haiwezi kuoshwa. Sakafu ya simenti inafutwa kwa kitambaa kilicholowa, kila siku, bila kufagia vumbi likaruka. Na baba aliyetoka mgodini avue nguo za kazi nje.

Choo na kisima. Katika parsele ndogo, choo na kisima vinakaribiana kama ndugu. Kanuni inataka metro 30 kati yao, na kisima kiwe upande wa juu. Kama parsele haina nafasi hiyo, basi majirani wachimbe kisima kimoja kizuri mahali pazuri, badala ya kumi vibaya.

Msongamano. Mashirika yanayosaidia wakimbizi yana kitabu cha kanuni kinachoitwa Sphere. Kinasema kila mtu apate angalau metro za mraba 3,5 za kukaa ndani, na mahali pa baridi zaidi ya hapo. Pima sasa chumba cha metro 3 kwa 3. Ni metro za mraba 9. Kwa kanuni ile ya wakimbizi, chumba hiki kinatosha watu 2. Katika mji wetu jamaa ya watu 7 inalala humo, na inalipa kila mwezi. Kanuni waliyoandikiwa watu waliopoteza kila kitu ni bora kuliko chumba cha mtu mwenye kazi. Hilo linapaswa kutuumiza moyo.

FUNGU LA 0,3 KWA MIA

Sheria ya madini ya Kongo, kama ilivyobadilishwa mwaka 2018, inaamuru kila kompani inayochimba itoe angalau 0,3 kwa mia ya mauzo yake ya mwaka kwa ajili ya maendeleo ya wenyeji wa mahali. Fungu hili linasimamiwa na chombo ambamo wenyeji nao wana wajumbe. Kwa mgodi mkubwa, 0,3 kwa mia si fedha ndogo.

Mara nyingi, fedha za namna hii zikifika, kila mtu anataka jengo linaloonekana kutoka barabarani, lenye rangi mpya na kibao mbele. Hatukatai shule wala hospitali. Lakini mtoto anayetibiwa malaria leo na kurudishwa katika chumba kile kile atarudi hospitalini mwezi ujao. Tunatibu mtu, hatutibu chumba.

Sisi tunapendekeza sehemu ya fungu hilo iwe mkopo mdogo wa vifaa: simenti ya sakafu, wavu, mbao za dari, kibao cha choo. Waashi wachukuliwe kati ya hao hao waliohama, maana kati yao mafundi hawakosekani. Udongo wa vichuguu vyetu unatoa matofali mazuri. Tukiyagandamiza kwa mashine ya mkono na simenti kidogo, hatuna haja ya kuyachoma na kumaliza miti ambayo tayari makala yameikata mbali kuzunguka mji.

WATU WANABISHA

Wa kwanza anasema: mkitengeneza nyumba zao, wengi zaidi watakuja. Ndugu, watu hawasafiri siku nyingi kutoka Kasai kwa ajili ya wavu wa dirisha. Wanakuja kwa sababu ya kazi na amani. Watakuja, nyumba ziwe nzuri au mbaya. Tunachoweza kuchagua ni kama watafika wazima au wataugua mbele ya milango yetu.

Wa pili anasema: mwenye parsele atapandisha bei na kumfukuza mpangaji. Huyu anasema kweli. Kwa hiyo mkopo uandikwe kwa watu watatu: mwenye parsele, mpangaji na chombo cha fungu. Mwenye parsele anapata nyumba bora. Naye anaahidi, mbele ya shahidi wa mtaa, kutopandisha bei kwa muda uliokubaliwa. Asiyetaka kuahidi asipewe.

Wa tatu anasema: parsele nyingi za pembeni hazina karatasi, kesho zitabomolewa. Huyu naye anasema kweli, na jibu lake ni gumu zaidi. Kutia simenti mahali ambapo tingatinga litapita ni kutupa fedha. Basi kazi ya kwanza ya wajumbe wa wenyeji iwe kwenda komini na kujua mahali gani pana hati na mahali gani patapewa. Waanzie hapo. Lakini ugumu wa karatasi usiwe sababu ya kukaa miaka bila kufanya kitu, maana tundu la hewa juu ya ukuta halingojei hati.

MWEZI HUU

Wakubwa wa kazi wafikirie maneno haya. Sisi nasi tusikae tukiwangoja. Jumapili hii, baba na mama wachukue kamba ya kupimia. Wapime chumba cha kulala, wahesabu wanaolala humo. Watazame juu, kati ya ukuta na paa. Wapime hatua kutoka choo hadi kisima. Waulize mbabula inalala wapi.

Kisha fanya vivyo hivyo kwa jirani mmoja aliyefika mwaka huu. Mpigie hodi kwa heshima, usiende kama polisi. Mwambie habari ya makala kabla baridi haijaanza. Kama unajua kazi ya uashi, mpe nusu siku ya mikono yako, mtoboe pamoja tundu moja la hewa na mlitie wavu. Na ukutano wa mtaa ukiitwa ili kuchagua wajumbe wa fungu la 0,3 kwa mia, nenda, hata kama zamu imekuchosha. Simama useme: tuanze na nyumba.